Mkono Nilioinua kwenye Ziwa la Kijani

Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa, harufu yao haiombi ruhusa. Inaingia kwenye nywele, kwenye kitenge, mpaka kwenye shuka, na ukirudi kwako jirani anajua ulichokula kabla hujafungua mdomo. Juzi tulikuwa kwenye matanga ya Shangazi, pale Ndosho. Wamama walikuwa wanakaanga sambaza nyuma ya nyumba, kwenye sufuria ileile pana aliyokuwa akitumia marehemu, na mimi niliyekuja na machozi yangu tayari kwa ajili ya Shangazi nikajikuta nalilia kitu kingine kabisa. Nililia siku nne za zamani, siku nne za kutembea mjini, ambazo kwa miaka yote hii nimekuwa nikizisimulia kama siku tamu za utoto wangu. Nilikuwa nasimulia nusu.

Ninyi wenzangu mliokulia mashambani mnajua Goma ilikuwa nini kwetu. Sisi tuliishi Kiwanja, na kwa mtoto wa Kiwanja Goma ilikuwa Ulaya ndogo: kuna ziwa, kuna meli, kuna ndege zinazopita juu ya mabati hadi unainamisha kichwa. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameolewa huko. Kila alipokuja kututembelea alikuwa na kiatu kipya na furushi la samaki wakavu, na akiondoka mimi nilikuwa naumwa tumbo kwa wivu.

Nilikuwa na miaka kumi na mdomo wa miaka arobaini. Lazima niseme hili wazi, kwa sababu bila hili hamtaelewa. Mwalimu akiuliza swali, kidole changu kilikuwa juu kabla hajalimaliza. Mgeni akimuuliza mama habari za nyumbani, mimi ndiye niliyejibu. Mdogo wangu, Kavira, alikuwa na miaka sita, na alikuwa mtoto wa kufikiri. Ukimuuliza kama ameshiba, anaangalia kwanza sahani. Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilimjibia kila kitu: jina lake, umri wake, kama ana homa, kama anataka chai. Watu walicheka, wakasema, "Huyu Masika ni avoka wa mudogo wake," yaani wakili wake, na mimi nilivimba kichwa.

Tena sisi Wanande hatuhangaiki kutafuta majina. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, mambo yameisha. Na kwa kuwa mimi nilikuwa wa kwanza, wazazi wangu waliitwa Papa Masika na Mama Masika na mtaa mzima. Kwa hiyo hata majina yao yalikuwa yangu. Kavira hakuwasikia wakiitwa jina lingine lolote.

Sasa, siku moja ya Ijumaa shule ilikuwa imefungwa hadi Jumanne, na baba akasema, "Masika na Kavira, mujitayarishe, tunaenda Goma kwa shangazi yenu." Mama hakuja. Alibaki na mtoto mchanga na duka la maharagwe. Alitufunga nywele siku hiyo kwa muda mrefu kuliko kawaida, akavuta mpaka macho yakanitoka, na nilipolalamika hakunipiga. Mimi nilikuwa nimetoka kuwa wa kwanza darasani. Nikaamua kwamba safari ile ni zawadi yangu, na kwamba Kavira anabebwa tu kama mzigo. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe na nikajiamini.

Tulipanda juu ya gari la magunia, na kuku wa Shangazi kwenye kikapu. Njiani kulikuwa na askari mara nyingi kuliko nilivyozoea, na watu waliotembea na magodoro kichwani. Niliwapungia mkono. Baba aliushika mkono wangu akaushusha taratibu.

Tulipofika mjini, kwenye kituo cha magari ya kutoka kwetu, nilitegemea tupande moto, yaani pikipiki, kama wakubwa. Baba akasema tunatembea. "Kwa miguu, papa? Mpaka Ndosho?" "Kwa miguu. Fungua macho yako." Akasimama katikati ya vumbi lile jeusi la volkano, kikapu cha kuku mkononi, akatuonyesha mlima. "Munaona ule mulima wenye moshi? Ukitoka hapa kwenda kwa Shangazi, mulima ukuwe ku mukono wako wa kuume. Ukiona uko kushoto, umepotea, geuka." Halafu akatuonyesha vitu kimoja kimoja tulipopita: kanisa lenye msalaba wa chuma, pampu ya mafuta, kisha karakana ya fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali zinazobeba magunia mlima na mteremko. Baada ya fundi, kichochoro cha tatu, geti la bluu. Hapo ndipo kwa Shangazi.

Shangazi alipofungua geti alipiga kigelegele, akambeba Kavira, akanibusu mimi, akamchukua kuku kwa miguu, vyote kwa pamoja. Jioni hiyo tulikula fufu, ugali wa muhogo, na sambaza mpaka vidole vikanuka. Wakubwa walizungumza Kinande kwa sauti ya chini. Nilisikia baba akisema, "Kama tutatawanyika," na Shangazi akasema, "Usiseme hivyo." Nikadhani wanazungumza habari za urithi.

Jumamosi ilikuwa siku ya kutembea. Jamani, ile siku! Tuliona bandari, na meli yenye kutu iliyokuwa ikipakuliwa ndizi za Bukavu, na wapagazi wakitukanana kwa furaha. Tulikaa kwenye ukuta karibu na uwanja wa ndege tukahesabu ndege mpaka shingo zikauma. Tuligusa maji ya ziwa, na Kavira akayaonja, akasema, "Hayana chumvi," kwa huzuni, kwa sababu mtu alimdanganya kwamba maji makubwa yote yana chumvi. Kila mahali baba alituuliza swali moja: "Kutoka hapa, kwa Shangazi unafikaje? Na ukiulizwa, Shangazi anaitwa nani?"

Mimi nilijibu haraka: kanisa, pampu, fundi, kichochoro cha tatu, geti la bluu. Kahindo Filomena. Na papa? Paluku Anselmi. Nilijibu nikiruka kwa mguu mmoja. Baba alisema, "Vizuri. Sasa Kavira." Kavira alifungua mdomo, akafikiri, na mimi nikajibu tena. "Sikukuuliza weye, Masika," baba akasema. Siku ile ya kwanza alisema akitabasamu.

Ili tujitahidi, aliahidi kitu. Jumatatu asubuhi, kabla ya kurudi, angetupandisha mashua ya injini, tuzunguke ghuba. Lakini sharti lilikuwa wazi: sote wawili tujue njia, kila mmoja kwa kinywa chake. Mmoja akikosa, hakuna mashua. Nilimwangalia Kavira kama mtu anavyoangalia jino bovu.

Jumapili baada ya misa alitupeleka kwenye ziwa la kijani, upande wa Mugunga, kwenye barabara ya Sake. Mnalijua: ziwa dogo lililolala ndani ya shimo la volkano ya zamani, maji yake yana rangi ya majani ya migomba. Karibu na hapo, juu ya mawe meusi, kulikuwa na vibanda vingi vya maturubai meupe, vimebanana mpaka jicho linachoka. Nilidhani ni soko kubwa. Watoto walikuwa wanacheza siku ya misa bila nguo za misa, na nikawaonea wivu kwamba hawana shule. Kavira aliuliza, "Hawa watoto mama zao wako wapi?" Nikamjibu kabla baba hajameza mate, "Wako natembelea watu, kama sisi." Baba alinitazama. Alikuwa na uso ambao sikuujua.

Hapo juu ya ukingo wa ziwa akachuchumaa mbele ya Kavira, akamshika mabega. Mimi nilikuwa nyuma ya baba, nikitazamana na mdogo wangu. "Kavira, mama yangu. Tuseme uko hapa. Hapa hapa Mugunga. Papa hayuko, mama hayuko, Masika hayuko. Unataka kwenda kwa Shangazi. Mulima unakuwa upande gani?"

Lilikuwa swali gumu, kwa sababu Mugunga iko ng'ambo ya pili ya Ndosho. Ukitokea mjini mlima uko kuume, lakini ukitokea Mugunga lazima uwe kushoto. Mimi nilikuwa nimelikamata mara moja na lilikuwa linanichoma ulimini. Kavira aliutazama mlima. Akatazama barabara. Alikuwa ameanza kufikiri, naapa, alikuwa njiani kufika, midomo yake ilikuwa inatembea. Angeachwa dakika mbili zaidi angefika. Lakini mimi niliona mashua inaondoka bila mimi. Nyuma ya mgongo wa baba nikainua mkono wangu wa kushoto juu kabisa, nikautikisa, na kwa midomo bila sauti nikasema: ku-sho-to.

Kavira akasema, "Kushoto."

Baba alimkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akakohoa. Aliposimama macho yake yalikuwa na maji, na mimi nikajisemea, eh, baba naye analia kwa ajili ya mashua?

Jumatatu tukapanda. Upepo, injini inanguruma, maji yanaturukia usoni, mimi nikiimba. Kavira alikuwa amekaa karibu nami, ameshika kitenge changu. Akanivuta. "Masika, kushoto ni wapi?"

Nilimwambia, "Nyamaza weye! Tumeshapanda. Angalia maji."

Mimi wa kujibu kila kitu. Mtoto aliniuliza swali moja kwa kinywa chake mwenyewe, na ndilo pekee nililokataa kujibu.

Haikuchukua muda mrefu. Migomba yetu ilikuwa haijaivisha mkungu mpya wakati milio ya risasi ilipoanza Kiwanja, asubuhi, mimi nikiwa shuleni. Kavira alikuwa kwa jirani yetu, Mama Neema, ametumwa chumvi. Watu walikimbia kila mmoja kutoka pale alipokuwa, hakuna aliyepita nyumbani kuchukua mtu. Mimi nilitembea na wanafunzi wenzangu, kisha na watu nisiowajua, nikalala vichakani, nikapanda gari la mkaa. Nilipofika Goma nilisimama katikati ya vumbi jeusi, nikautafuta mlima, nikauweka kuume. Kanisa, pampu, fundi. Nikagonga geti la bluu. Shangazi alifungua, akanitazama miguu, halafu akatazama nyuma yangu. "Na Kavira?"

Baba na mama walifika siku mbili baadaye, na mtoto mchanga mgongoni. Kila mmoja alidhani Kavira yuko na mwingine. Mama alikaa chini hapohapo getini. Shangazi akavuta kitenge chake akasema anaenda kuuliza makambini, kwa sababu watu wa Kiwanja walikuwa wanaletwa na malori. Baba akamzuia.

"Mutoto anajua njia," alisema. "Nilimuuliza mimi mwenyewe, pale Mugunga, kwa kinywa changu. Akajibu kwa kinywa chake. Hapa ndipo atakuja. Tukianza kuzunguka, atafika akute geti limefungwa."

Akachukua kiti, akakiweka nje ya geti, akakaa. Kila asubuhi. Wapita njia walimsalimu wakazoea. Alikuwa akiona mtoto wa kike kwa mbali anasimama, halafu anakaa. Mama alikuwa anapakua sahani ya Kavira, anaifunika, jioni anampa mtoto wa jirani. Na mimi nilijua. Nilijua kwamba Kavira hajui. Hajui kushoto, hajui Kahindo Filomena, hajui Paluku Anselmi. Ukimuuliza baba yake ni nani atasema Papa Masika, ukimuuliza shangazi yake ni nani atasema Shangazi. Nilimwona baba kwenye kiti chake, anajiamini, anajivunia mtoto wake, na nikaogopa. Avoka wa watu wote akanyamaza. Nilinyamaza wiki tatu.

Nilimwambia Shangazi siku moja tukisafisha sambaza. Nilisema mara moja, bila kumwangalia: yeye hakujibu, ni mimi. Nilingoja kofi. Shangazi alifuta mikono, akajifunga kitenge, akatoka akiacha mafuta jikoni, akampita baba pale kwenye kiti. Alienda Mugunga.

Kambini aliita "Kavira!" na wasichana wakageuka kila upande, maana kila familia ya kwetu ina Kavira wake. Alimkuta Mama Neema, ana watoto wake watano chini ya turubai moja. Mama Neema akashika kichwa. "Alikuwa hapa. Nilimuuliza jina la shangazi yake, akasema Shangazi. Siku tano zilizopita aliamka akaniambia anaenda, anajua njia, papa yake alimufundisha. Nilizani ni muchezo. Niligeuka tu kuchota maji. Hakufika kwenu?"

Siku tano. Sihitaji mtu anifanyie hesabu ya wiki tatu.

Walitafuta kati ya Mugunga na Ndosho, nyumba kwa nyumba, kwa sababu hapo ndipo mtoto anayekuja kwetu angepotea. Hakuonekana. Mama alidumu mwaka na miezi. Walisema ni mapafu. Hadi siku ya mwisho alikuwa akigeuza kichwa geti likilia. Kavira alipatikana baada ya kifo chake, Minova, mbali kabisa, ng'ambo ya Sake, upande wa pili wa Mugunga, kwa mama mmoja muuza mihogo aliyesikia tangazo kanisani kuhusu mtoto mwenye kovu la kuungua uji kwenye kiwiko. Baba alimleta akimshika mkono kama yai. Alikuwa na miaka tisa, na alimlilia mama wa Minova wiki nzima. Tulimwonyesha kaburi la mama. Alilitazama, akafikiri. Nyumbani hakuna aliyemuuliza alifikaje Minova. Tulilifunika jambo lile, na mimi ndiye niliyekalia kifuniko.

Nilikuwa na maelezo yangu, ambayo niliyabeba mpaka juzi: nilimjibia, kwa hiyo hakujua njia, kwa hiyo alizunguka tu kama mtoto anavyozunguka. Hilo lilikuwa kosa langu na nilikuwa nimelizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Juzi, kwenye matanga, tulikaa sisi wawili nyuma ya nyumba tukitazamana, beseni la sambaza katikati. Kavira sasa ni mama wa watoto wanne na bado anaangalia sahani kabla ya kusema ameshiba. Harufu ilinizidi. Nikamwambia yote: mashua, mgongo wa baba, mkono, wiki tatu. Nikamwambia, "Nilikunyima njia, mudogo wangu. Unisamehe. Ulipotea kwa sababu hukujua."

Alifikiri. Safari hii nilingoja, Mungu anajua nilingoja.

"Lakini nilijua," akasema. "Niliukumbuka mukono wako. Neno nililisahau saa ileile, ila mukono sikusahau. Nilitoka ku kambi nikasimama ku barabara, nikaweka mulima ku upande wa mukono wako, nikaenda. Sikucheza njiani. Nilifika Sake jioni, nikajua Shangazi ako mbele kidogo. Nikaendelea."

"Ku upande gani, Kavira?"

"Upande uliinua." Akafuta vidole kwenye kitenge, akauinua mkono wake kunionyesha, juu kabisa, akautikisa kama nilivyoutikisa mimi siku ile. Ulikuwa mkono wake wa kuume. Nami niliyekaa mbele yake niliinua wa kwangu wa kushoto, polepole, na mikono yetu ikakutana upande mmoja, juu ya beseni.

Aliitazama mikono ile miwili kwa muda mrefu. Halafu akaushusha wake akarudi kwenye samaki.

"Nilitembea vizuri, dada," akasema. "Sikukosea hata mahali pamoja."